Matuta na mabwawa shambani: Nani hulipa nini?

Mvua kubwa inaponyesha Kangema, Mathioya, Kigumo na Gatanga, mito ya Murang'a hugeuka rangi ya udongo kwa saa chache tu. Unaosombwa ni udongo wa juu, ule wenye rutuba, pamoja na mbolea ambayo mkulima ameinunua kwa fedha zake. Kwenye shamba la nusu ekari lililo mteremkoni, hasara hiyo huonekana wakati wa mavuno.

Hasara haiishii shambani. Mito ya Mathioya, Maragua na Thika humwaga maji yake katika mto Tana, unaojaza bwawa la Masinga na kuendesha mitambo ya umeme iliyo chini yake. Bwawa la Ndakaini, lenye uwezo wa kuhifadhi mita milioni 70 za ujazo, hutoa sehemu kubwa ya maji yanayotumika Nairobi. Udongo ukijaa mabwawani, nafasi ya maji hupungua na gharama ya kuyasafisha hupanda.

Ndiyo maana fedha za umma na za wafadhili hutumika kwenye mashamba ya watu binafsi: mkulima anapozuia mmomonyoko, hunufaika yeye na hunufaika pia jirani aliye chini yake.

Gharama hugawanywa vipi?

Msaada wa aina hii si zawadi. Mwenye shamba hutoa sehemu yake, na mradi hutoa sehemu iliyobaki. Mara nyingi mchango wa mkulima ni nguvu kazi, vifaa vinavyopatikana kijijini au kiasi fulani cha fedha.

Mfano ni Mfuko wa Maji wa Upper Tana-Nairobi, uliozinduliwa mwaka wa 2015. Kwa mabwawa madogo ya kuvuna maji ya mvua, mkulima huchimba shimo mwenyewe, nao mfuko humsaidia kupata karatasi ngumu ya plastiki ya kutandaza ndani ili maji yasinywewe na ardhi. Kabla yake, mradi wa Upper Tana wa serikali ya kitaifa na shirika la IFAD, ulioanza 2012, ulitoa ruzuku kwa vikundi vya wakulima vilivyokuwa tayari kuchangia.

Kazi zinazofaa

Matuta ya fanya juu: mtaro huchimbwa kukingama mteremko na udongo hutupwa upande wa juu. Nyasi za nepia hupandwa juu ya tuta ili kulishika. Ni kweli kwamba tuta huchukua sehemu ya shamba, lakini nepia hiyo ni lishe ya ng'ombe, na baada ya misimu kadhaa shamba huanza kujisawazisha lenyewe.

Kuvuna maji: paa la mabati la mita 8 kwa 10 hukusanya takriban lita 2,000 mvua ikinyesha milimita 25. Bwawa la lita 50,000 likijaa, mkulima anaweza kunyunyizia lita 500 kwa siku kwa zaidi ya miezi mitatu, bila kuhesabu maji yanayopotea kwa jua.

Miti na nyasi kando ya mito: kanuni za kitaifa za 2009 zilimtaka mkulima awe na miti kwenye asilimia 10 ya shamba lake.

Kabla ya kuchukua jembe

Kwanza, mwone afisa wa kilimo wa wadi yako. Muulize ni mradi gani unaopokea maombi kwa sasa, unagharamia nini na wewe utatoa nini. Uliza pia kama maombi ni ya mtu binafsi au ya kikundi.

Pili, subiri shamba likaguliwe na mistari ya matuta ipimwe. Mtaro uliopimwa vibaya hukusanya maji mahali pamoja, na tuta likipasuka huharibu shamba lako na la jirani. Isitoshe, kazi iliyofanywa kabla ya idhini huenda isihesabiwe kuwa mchango wako.

Tatu, kubalianeni nyumbani. Mashamba mengi bado yana jina la baba au babu, ilhali anayelima ni mke au mwana. Ni heri familia ikae chini mapema kuliko mzozo uzuke shimo likiwa limeshachimbwa.

Nne, lizungushie bwawa ua imara. Plastiki huteleza, na mtoto akitumbukia ni vigumu kutoka. Bwawa lisilo na ua halijakamilika, hata kama limejaa maji.

Baada ya msaada

Utunzaji hubaki mikononi mwa mwenye shamba. Mitaro huzibuliwa kabla ya mvua za Machi na za Oktoba, nepia hukatwa na pengo kwenye tuta huzibwa likiwa bado dogo. Mradi huchangia mara moja, lakini mvua hurudi kila msimu.