Mzazi, usiishie kununua sare ya skauti

Jumamosi asubuhi, katika viwanja vya shule nyingi za msingi, watoto waliovaa skafu hujipanga wakimsubiri kiongozi wao. Mara nyingi ni mwalimu, yuleyule aliyesahihisha madaftari yao wiki nzima. Akiugua au akihamishwa, kundi husambaratika. Mzazi hugundua siku anapokuta sare imekunjwa kabatini na mtoto anashinda mbele ya televisheni.

Pengo hilo wazazi wenyewe wanaweza kuliziba. Robert Baden-Powell, aliyefariki mwaka 1941 na kuzikwa Nyeri, Kenya, alianza kwa kambi ya majaribio mwaka 1907 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Alikuwa na vijana 20 hivi tu, akawagawa katika vikundi vidogo, kila kimoja na kijana wa kukiongoza. Utaratibu huo ungalipo: watoto huongozana, mtu mzima husimamia.

Hapo ndipo wazazi wengi hukwama. Baba aliyezoea kutoa amri nyumbani akiona watoto wanahangaika na hema, huwanyang'anya kamba akafunga mwenyewe. Hema litasimama, lakini watoto hawatakuwa wamejifunza kitu. Anayejitolea hukaa pembeni, huuliza, "Mmejaribu njia gani?" na huingilia pale tu penye hatari.

Kabla ya kukubali

Si lazima uwe uliwahi kuwa skauti. Kinachotakiwa kwanza ni muda. Saa mbili kila wiki bila kukosa ni bora kuliko siku nzima mara moja kwa muhula. Watoto huhesabu nani kaja na nani hakuja.

Pili ni mafunzo. Yapo ya awali na ya juu. Ya juu, Wood Badge, yalianza mwaka 1919 Gilwell Park, Uingereza, na anayehitimu huvaa shanga mbili za mti shingoni.

Tatu ni usalama wa watoto. Ukiombwa wadhamini au cheti cha polisi, usione umedharauliwa. Kundi lisilouliza chochote ndilo la kuogopwa. Mtu mzima asikae faragha na mtoto mmoja, na kambini asilale hema moja na watoto. Hata ujumbe wa simu kwa mtoto, mzazi wake auone.

Mwanao akiwemo kundini

Muulize kwanza kama anaridhia. Usimpendelee, wala usimkaripie kuliko wenzake ili uonekane mwenye haki. Akikosea, mwachie kiongozi mwenzako amrekebishe.

Pa kuanzia ni shuleni kwa mwanao. Muone mwalimu anayesimamia skauti, omba kuhudhuria mara mbili tatu kama mtazamaji, kisha ndipo uamue. Ukiona huwezi, sema mapema. Ukiweza, siku mwalimu yule atakapohamishwa, watoto watakuta bado kuna mtu kiwanjani.