Karai Linapopita Mikono Mitatu

Ukipita mahali wanapomwaga zege la ghorofa kwa mikono, utaona vijana wamejipanga kwenye ngazi ya mbao, makarai yanapanda kutoka mmoja hadi mwingine. Mtazame yule wa katikati. Akishalishika karai, hawezi kupokea jingine mpaka hilo alikabidhi kwa wa juu yake. Walio chini hata wakichanganya zege haraka namna gani, zege litafika juu kwa kasi ya kijana huyu.

Je, wajua kwamba Wi-Fi ya meshi nayo inategemea mtu wa katikati? Kati ya vile visanduku vitatu vinavyouzwa pamoja, mara nyingi kimoja tu ndicho kilichochomekwa kwenye faiba. Viwili vilivyobaki havina intaneti yao. Vinapokea kwa redio, vinapitisha kwa redio, na redio iliyo kwenye chaneli moja haiwezi kusema na kusikiliza kwa wakati mmoja. Megabiti 300 kwa sekunde zikipitia kisanduku kimoja cha katikati kwenye chaneli ileile, hata hewa ikiwa safi, simu itapata takriban 150. Zikipitia viwili, 100. Hapo bado hatujazitaja kuta.

Kuta nilikutana nazo kwa shangazi yangu, Mji Mkongwe, Unguja. Nyumba yake ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wake una unene wa karibu nusu mita. Kisanduku cha kwanza kilikuwa sebuleni chini, cha pili chumbani kwake, cha tatu juu kabisa kwa wajukuu. "Mwanangu," aliniambia, "taa zote zinawaka, pesa nimetoa, mbona mtoto hasomi?" Mjukuu alikuwa akijiandaa na mtihani kwa video za masomo, na kila baada ya dakika mbili picha inaganda.

Taa ile husema kwamba visanduku vinasikiana. Haisemi vinasikiana vizuri kiasi gani. Hata vijiti vya mtandao kwenye simu havitoshi kuwa ushahidi, kwa sababu vinapima safari fupi tu, ya kutoka simu hadi kisanduku kilicho karibu. Vinaweza kujaa vyote huku kisanduku chenyewe kikihangaika kumsikia mwenzake wa chini.

Dawa ya kwanza ni kupima hatua kwa hatua. Chomeka kompyuta kwa waya kwenye rauta, upime. Kisha pima kwa simu ukiwa umesimama karibu na kisanduku cha kwanza, halafu cha pili, halafu cha tatu. Palipo na poromoko kubwa ndipo penye ugonjwa. Kwa shangazi, waya ulitoa megabiti 50, sebuleni 47, chumbani kwake 7, kwa wajukuu 2. Faiba haikuwa na kosa, wala simu ya mtoto. Karai lilikuwa linakwama kati ya sebule na chumba.

Kisanduku cha pili kilikuwa kimewekwa mahali ambapo mtandao haufiki vizuri. Ni kosa ambalo wengi hulifanya, na naelewa kwa nini: mtu hupaka dawa penye kidonda. Lakini kisanduku kikikaa mahali kisipoweza kusikia, hakina cha kupitisha. Kinatakiwa kikae katikati ya njia, mahali ambapo mtandao bado una nguvu. Tulikihamishia kwenye kona ya ngazi, ambapo mawimbi yalipita kwenye uwazi wa ngazi badala ya kutoboa jiwe. Chumbani kwa wajukuu ikafika 21, na video ikaacha kuganda.

Mawimbi ya masafa ya gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12 na nusu hivi, ya gigahezi 5 karibu sita. Haya ya pili hubeba data nyingi zaidi lakini huchoka upesi ukutani. Zege lenye nondo huyasumbua yote mawili. Kioo kikubwa cha kujitazamia, friji na tanki la maji navyo ni vizuizi, na maikrowevu inayopasha wali hutumia masafa yaleyale ya 2.4.

Halafu kuna majirani, ambao Wi-Fi zao hugombania hewa ileile na yako. Mwaka 1971, katika visiwa vya Hawaii, Norman Abramson na wenzake wa chuo kikuu cha huko walianzisha ALOHAnet, mtandao wa redio uliounganisha visiwa kwa kutumia masafa ya pamoja. Ujumbe wa watu wawili ukigongana angani, kila mmoja alisubiri muda wa bahati nasibu kisha akatuma tena. Wi-Fi imerithi adabu hiyo na kuiongezea nyingine: husikiliza kwanza ndipo iseme. Kwenye mitaa yenye nyumba zilizobanana, kusikiliza huko kunakula muda. Ndiyo maana inafaa kuchagua chaneli 1, 6 au 11 kwenye 2.4, kwani hizo tatu haziingiliani.

Lakini kama nyumba inakubali, nashauri waya. Kisanduku kilichofungwa kwa waya hakipokei tena karai kwa mkono uleule kinaotolea. Ila ukague waya wenyewe. Kama unalipia megabiti 200 na kipimo kinagota 94 kila siku, ushuku nyaya nane ndogo zilizo ndani yake. Kasi ya gigabiti kwa kawaida huzihitaji zote nane, ya megabiti 100 hutosheka na nne. Panya akikata mmoja, au fundi akikaza kichwa vibaya, vifaa huweza kushuka kimyakimya hadi 100 bila kumwambia mtu.

Kwa shangazi lilibaki jambo moja. Simu ndiyo inayoamua lini ihame kutoka kisanduku kimoja kwenda kingine, na yake ya zamani hung'ang'ania cha sebuleni hata akiwa amefika juu. Sasa akimaliza ngazi huzima Wi-Fi, akavuta pumzi, akaiwasha tena, kisha akaketi na mjukuu wake kutazama somo.