Kisu cha kukunja: kukifungua kwa mkono moja bila kutumia meno

Wakati wa kukata matawi ya kahawa kwenye mteremko, mkono moja unashika tawi na mkono mwingine unatafuta kisu mfukoni. Halafu kisu kinapelekwa mdomoni. Hii tunaiona karibu katika kila koperative. Meno yanashika chuma, mkono unavuta mpini, na kazi inaendelea. Lakini kile chuma kimekata tawi lenye ugonjwa, kimelala mfukoni pamoja na udongo, na pengine mwenyewe alipiga dawa ya shaba asubuhi ile. Yote inaingia mdomoni. Na siku mkono unateleza, ni mdomo wenyewe unaokatwa.

Wakulima wanatuambia: «Kisu yangu iko nguvu sana, inanivunja makucha.» Ni kweli. Kisu cha kukunja kimetengenezwa kwa mtu aliye na mikono miwili huru. Kile kidonda kidogo kwenye chuma, pale ukucha unapoingia, kinadai mkono wa pili. Mtu anayeshika tawi, au kamba ya mbuzi, au kikonyo cha avoka cha kupandikiza, hana mkono wa pili. Na katika koperative zetu kuna wanachama ambao mkono wa pili hawana kabisa.

Mbele ya kugusa tupa, angalieni kwanza kama kisu si kichafu tu. Utomvu wa ndizi na ute wa kakao vinaingia pale chuma kinapozungukia, vinakauka, vinakuwa kama gundi. Weka kisu wazi ndani ya maji ya moto yenye sabuni, sugua pale katikati na mswaki wa zamani, fungua na kufunga mara makumi mawili, kisha ukaushe. Tone moja la mafuta ya mashini ya kushona linatosha. Mafuta ya mawese hapana: yanaganda, yanakamata vumbi, na kisha wiki chache kisu kinarudi nguvu kuliko mbele.

Kwa visu vya mpini wa mti kuna sababu nyingine. Mti unakunywa maji, unavimba, unabana chuma. Wale walio na Opinel, kile kisu cha Savoie kule Ufaransa kinachotengenezwa tangu 1890, wanaijua sana shida hii wakati wa mvua. Wenyeji wa kule wana dawa yao: wanageuza pete mpaka kisu kiwe huru, wanagonga kitako cha mpini kwenye kitu kigumu, na chuma kinatoka kidogo, kinatosha kukamatwa. Pimeni, inasaidia. Lakini kama mti umevimba sana haitatosha. Acha kisu kikauke kivulini siku mbili au tatu (karibu na moto mpini unapasuka), kisha kunja msasa juu ya karatasi ngumu na uipitishe ndani ya ule mfereji, pande zote mbili, kidogo kidogo. Malizia kwa kusugua mshumaa mle ndani.

Kama kisha kazi hiyo bado chuma hakina pa kukamatia, sasa tunakata mpini. Njia tunayoipenda ni nusu-mwezi. Kwenye mpini wa mti, pande zote mbili za mfereji, tunakata kidonda cha duara, ili mgongo wa chuma uonekane zaidi na vidole viwili viweze kuubana. Haina haja ya fundi mkubwa: tupa ya duara, msasa, kalamu, na saa moja.

Kamata kisu kikiwa kimefungwa, na mkono utakaokifungua. Tia alama pale gumba na kidole cha pili vinapokutana bila kujikaza. Ukiisogeza alama karibu na ncha, chuma kinafunguka kwa nguvu ndogo, lakini vidole havifiki vizuri. Ukiisogeza karibu na msumari wa katikati, vidole vinafika lakini kazi inakuwa nguvu. Kwa watu wengi ni katikati, pembeni kidogo kuelekea ncha. Upana wa sentimita mbili unatosha.

Hapa ndipo tunaomba mwende polepole: kina. Makali yamelala chini ya mfereji, ndani ya mpini. Ukikata sana, siku moja vidole vitakutana na makali. Pima upana wa chuma kwa kijiti, kivunje katikati, na nusu hiyo ndiyo mpaka wa nusu-mwezi, kuanzia mgongo wa chuma kwenda chini. Usivuke. Fungua kisu na uzibe makali kwa kitambaa kinene kilichofungwa na kamba, ndipo upige tupa. Kila mara funga kisu na uangalie.

Kufungua sasa ni hivi. Bana mgongo wa chuma kwa gumba na kidole cha pili. Egemeza kitako cha mpini kwenye shina la mti au kwenye ukingo wa kikapu (paja lako hapana) na usukume mpaka mpini uzunguke. Kisha badilisha mkono ushike mpini. Vidole havipiti upande wa makali hata mara moja. Mara za kwanza inakuwa polepole. Fanyeni mazoezi mkiwa mmekaa, si juu ya mti.

Mpini wa plastiki ngumu au wa chuma haukatwi vizuri namna hii. Hapo muone fundi wa kinga. Kipande chembamba cha kiraka cha tairi, kikibandikwa na gundi yake kwenye sehemu ya chuma inayobaki nje kisu kikifungwa, kinazuia kidole kuteleza. Sugua chuma na msasa kwanza. Kitabanduka siku moja, bandika kingine.

Kuna mafundi wanaopenda kutoboa chuma ili waweke skurubu ya kusukuma na gumba. Chuma kilichokomazwa kinakula ncha za kutobolea, kwa hiyo wanakitia moto kwanza. Chuma kikigeuka rangi ya buluu, ukomavu umekwisha pale, na makali hayatakaa tena. Wengine wanalegeza msumari wa katikati mpaka chuma kinaanguka chenyewe. Kisu hicho kitafunguka chenyewe mfukoni pia. Kisu chepesi kufungua kinapaswa bado kukataa kidogo: kikiwa kimefungwa, kishike mfereji ukitazama chini na ukitikise. Chuma kikitoka, kaza.

Na kufunga? Kisu kisicho na kizuizi kinaweza kukunjika juu ya vidole ukikibonyeza vibaya, na kadiri kinavyokuwa chepesi ndivyo hatari inavyoongezeka. Opinel ina pete ya kuzuia tangu 1955, kuanzia namba 6 kwenda juu. Zile ndogo hazina. Geuza pete kila mara, mbele ya kukata. Kama kisu chenu hakina kizuizi cha namna yoyote, kisafisheni tu na mkiache vile kilivyo.

Nusu-mwezi inakusanya utomvu, kwa hiyo isafishwe pamoja na chuma kati ya mti mgonjwa na mwingine. Maji ya javeli yanafaa, lakini suuza na upake mafuta, kutu inakuja haraka. Kisu chenye kiraka kisipitishwe kwenye moto. Kwa migomba yenye mnyauko, ule uliofika Masisi mwaka 2001, ua la dume linavunjwa na mti wenye panda. Kisu kibaki mfukoni, hata kama kinafunguka vizuri sana.

Wanaotumia mkono wa kushoto wasisahauliwe. Kidonda cha ukucha kwa kawaida kiko upande wa gumba la kulia, na wao tangu zamani wanapambana nacho. Nusu-mwezi ikikatwa sawasawa pande mbili inawafaa vilevile. Kwa mwanachama mwenye mkono moja, alama itiwe na yeye mwenyewe, kwenye kisu chake, na mkono wake.