Chambo Kikubwa na Papa Wadogo: Asili ya Uvuvi wa Papa Ufukweni

Mvuvi anayemtafuta papa akiwa amesimama ufukweni, bila chombo cha kumpeleka maji makuu, hutegemea ukubwa wa chambo kuliko nguvu za mkono. Kipande kidogo cha ngisi kikitupwa penye mchanga wakati maji yanajaa huliwa na kaa, changu na kila chenye mdomo kabla papa hajaipata harufu yake. Bali nusu ya kibua, kichwa cha jodari au pande la mkunga lenye damu haliwezi kumezwa na samaki wadogo, ambao hulidonoa tu, na kwa kudonoa huko huzidi kuisambaza harufu majini, hata kinachobaki kwenye ndoana kikamsubiri mwenye kinywa cha kukimudu. Chambo kikubwa ni chujio, kwa maana kwamba mvuvi huanza kumchagua samaki wake kabla hajamwona.

Kwa msomaji aliyelelewa Nairobi, katika mitaa kama Olympic, pale Kibera, au Kawangware, jambo hili linahitaji kuelezwa tangu mwanzo, kwa kuwa samaki wa mitaa hiyo kwa sehemu kubwa ni wa ziwa: omena wanaopimwa kwa mkebe, tilapia wa kukaangwa, na mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki baada ya viwanda kuondoa minofu ya kuuzwa nje ya nchi, ambayo akina mama huikaanga kando ya barabara jioni watu wanaporudi kutoka kazini. Ziwa Victoria halina papa. Reli inayopita katikati ya Kibera, ambayo ilianzia Mombasa na kufika Kisumu mwaka 1901, inaunganisha maji mawili yasiyofanana hata kidogo kwa samaki wake, ingawa kanuni ya chambo ni ile ile. Wavuvi wa ziwani humtega mbuta kwa kamba ndefu yenye ndoana nyingi, na katika kila ndoana huchomeka kambare mchanga au fulu akiwa hai, wakijua kwamba chambo cha namna hiyo hakiwafai samaki wadogo. Ziwani, hata hivyo, upande wa Kenya, sheria imeongeza chujio la pili: mbuta anayeruhusiwa kuvuliwa ni wa urefu wa kati ya sentimita 50 na 85, ili wachanga wakue na wakubwa, ambao ndio wazazi, waendelee kuzaa. Kipimo hicho kinafaa kukumbukwa hapa, kwa sababu kwa papa hali ni ngumu zaidi.

Katika pwani ya Waswahili papa amevuliwa kwa zana za namna tatu kuu. Ya kwanza ni mshipi, yaani uzi mmoja wenye ndoana na chubwi, ambalo ni risasi au kipande cha chuma cha kuuzamisha uzi; ya pili ni dhulumati, kamba ndefu inayolazwa majini ikiwa na ndoana nyingi zinazoning'inia; na ya tatu ni jarife, wavu wa matundu makubwa unaotegwa usiku kwa ajili ya papa na taa. Mwenye mshipi anayevua kutoka mwambani au mchangani hupendelea usiku na maji yanayojaa, wakati papa wadogo wanapoingia maji mafupi kutafuta chakula, na sehemu ya uzi iliyo karibu na ndoana huifanya ya waya, kwa kuwa meno ya papa hukata nailoni mara moja. Chambo chake huwa chenye mafuta na damu, maana papa huivuta harufu kutoka mbali akiifuata mikondo ya maji, na akishakaribia husaidiwa na hisi nyingine ambayo binadamu hana: katika pua yake mna vitundu vidogo vilivyojaa ute mzito, ambavyo Mtaliano Stefano Lorenzini alivieleza mwaka 1678, na ambavyo hupokea umeme hafifu unaotoka kwenye misuli ya kiumbe hai, hata akiwa amefukiwa mchangani.

Tamaa ya kupata chambo kikubwa iliwahi kufika mbali mno. Huko Kizimkazi, kusini mwa Unguja, wavuvi walikuwa wakiwaua pomboo kwa chusa na nyavu, na sehemu ya nyama yao, ambayo ina mafuta mengi, ikafanywa chambo cha papa. Desturi hiyo ilififia katika miaka ya 1990, baada ya watalii kuanza kulipa nauli ya mashua ili kuwatazama pomboo hao hao wakiwa hai. Si haki kuwahukumu wavuvi wa enzi hiyo kwa ukali, kwa sababu papa alikuwa chakula na fedha za familia zao, lakini hesabu ilikuwa mbaya tangu mwanzo: mnyama anayezaa mtoto mmoja baada ya miaka kadhaa alikuwa akitolewa ili apatikane mnyama mwingine ambaye naye huzaa kwa nadra.

Thamani ya papa kwa watu wa pwani ilitokana na mambo mawili. La kwanza ni nyama. Damu na misuli ya papa ina urea, kemikali ambayo kwa mamalia hutoka na mkojo lakini papa huihifadhi mwilini ili asipoteze maji katika bahari yenye chumvi, na baada ya kufa bakteria huigeuza kuwa amonia, ndiyo ile harufu kali inayochoma pua. Kwa hiyo papa asiyeliwa siku hiyo hiyo hupasuliwa vipande virefu, hutiwa chumvi na kuanikwa juani mpaka awe ng'onda, na mpishi humroweka na kumwosha kabla ya kumpika kwa tui la nazi. Majahazi ya Oman na Hadhramaut yalikuwa yakishuka na upepo wa kaskazi yakiwa yamebeba papa mkavu pamoja na tende na chumvi, yakiuza Mombasa, Lamu na Unguja, kisha yakarudi na kusi yakiwa yamepakia boriti za mikoko. La pili ni ini, ambalo kwa papa ni kubwa kupita kiasi na limejaa mafuta; mafuta hayo, yaitwayo sifa, yalipakwa kwenye mbao za vyombo ili zisipasuke kwa jua wala kuoza. Mapezi, ambayo yamepelekwa kwenye masoko ya Hong Kong na China, ni habari nyingine inayojulikana vya kutosha.

Utata mkubwa wa uvuvi huu umo katika maneno mawili, papa mdogo, ambayo sokoni hutumika kana kwamba yana maana moja. Wako papa ambao ni wadogo kwa maumbile, kama Rhizoprionodon acutus, ambaye akiwa na urefu wa sentimita 80 hivi amekwisha kupevuka na huenda amekwisha kuzaa. Wako pia wachanga wa papa wakubwa. Pingusi, yule mwenye kichwa kama nyundo, huzaliwa akiwa na urefu wa takriban nusu mita, na jike wake hapevuki mpaka apite mita 2, jambo linalochukua miaka mingi. Wawili hao wakilazwa pamoja kwenye meza ya mnadani hulingana kwa urefu na pengine kwa bei, ilhali mmoja ni mzazi na mwingine hajamaliza hata mwaka. Ghuba ya Malindi na Ungwana, ambako mito ya Sabaki na Tana humwaga maji yenye tope na rutuba, ni miongoni mwa mahali ambapo pingusi wachanga hunaswa, katika nyavu za wavuvi wadogo na katika nyavu za kukokota za meli zinazovua kambamiti.

Dalili ya uchanga inaweza kuonekana kwa macho. Papa wa jamii hizi hawatagi mayai, bali mtoto hukua tumboni akiwa ameunganishwa na mama kwa kitovu, na baada ya kuzaliwa hubaki na kovu chini ya koo, baina ya mapezi mawili ya kifua. Kovu likiwa bado wazi, kama mpasuko mwembamba wenye kingo nyekundu, mtoto huyo ana siku chache tu. Likiwa limeziba na kubaki mstari hafifu wa kijivu, ana wiki au miezi. Mvuvi anayempindua samaki wake na kutazama hapo hupata habari ambayo mizani haiwezi kumpa, nalo ndilo jambo ambalo chambo kikubwa hakiwezi kulitambua, kwa kuwa huchuja kwa upana wa kinywa tu, na kinywa cha mtoto wa pingusi hukimudu kichwa cha kibua.

Katika baadhi ya nchi nje ya Afrika Mashariki, uvuvi wa papa kutoka ufukweni ni burudani zaidi kuliko riziki, na sheria zimeufuata huko huko. Nchini Uingereza watu hutupa vipande vikubwa vya kibua na ngisi mzima kutoka fukwe za Wales na kusini mwa England wakimtafuta Galeorhinus galeus, papa mwembamba anayeweza kuishi zaidi ya miaka 50, ambaye amri ya serikali ya mwaka 2008 ilizuia kuvuliwa kibiashara katika maji ya England kwa zana nyingine isipokuwa fimbo na uzi. Katika jimbo la Florida, Marekani, tangu Julai 2019 mtu hawezi kuvua papa kutoka nchi kavu mpaka asome somo fupi na kupewa kibali kisicholipiwa. Ni marufuku kumwaga damu na mabaki ya samaki ufukweni ili kuwavuta papa, na anayetumia chambo cha asili hulazimika kuwa na ndoana ya duara isiyo ya chuma kisichoshika kutu. Ndoana ya namna hiyo hunasa pembeni mwa mdomo badala ya kuzama tumboni, na papa akikata uzi akaenda nayo, ndoana hiyo huliwa na kutu baada ya muda.

Hata msafiri asiyejua kushika mshipi anahusika kwa njia moja. Mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ulipofanyika Panama mwaka 2022 uliiingiza jamii nzima ya Carcharhinidae, ambayo ndiyo yenye papa wengi wa pwani yetu akiwemo yule mdogo wa sentimita 80, katika orodha ya viumbe ambao biashara yao ya kuvuka mipaka inahitaji kibali, na uamuzi huo ukaanza kutumika Novemba 2023. Pingusi walikuwa wamekwisha kuanza kuorodheshwa tangu mkutano wa Bangkok wa mwaka 2013. Anayefungasha ng'onda Mombasa au Unguja ili apeleke ughaibuni, hata kama ni zawadi ya shangazi, ana sababu ya kuuliza kwanza.

Kati ya zana zote tatu, mshipi ndio unaompa mvuvi nafasi ya kuamua upya. Jarife likitegwa usiku, papa wengi huwa wamekufa kabla ya alfajiri, kwa sababu aliyenaswa akashindwa kuogelea hapati maji ya kutosha kupita kwenye mashavu yake. Dhulumati nayo hutegemea saa ilizolala majini. Papa wa mshipi hufika ufukweni akiwa hai, mkononi mwa mtu anayeweza kumpindua, kutazama baina ya mapezi ya kifua, kukata waya karibu na ndoana na kumrudisha majini, na kazi hiyo huchukua dakika chache mvuvi akiwa na koleo tayari kiunoni.