Walikombolewa kwa Kontra ya Miaka Kumi

Ndugu msomaji, na wewe kijana wa kambi, wengi wenu mulisikia nkambo akizungumza juu ya kontra ya miaka mitatu ya Union Minière. Leo tuongee juu ya kontra ingine, ya zamani zaidi, ya miaka kumi.

Mwaka wa 1848 Ufaransa ilikataza utumwa katika visiwa vyake vya Martinique na Guadeloupe. Walioachwa huru, wengi hawakutaka tena kukata miwa ya bwana yuleyule. Wewe ungetaka? Lakini matajiri wa sukari walitafuta mikono. Basi mwaka wa 1857 serikali ikapatana na nyumba ya biashara ya Régis, ya Marseille, ilete watu kutoka Afrika. Merikebu zikaja kupakia Loango na hata kwetu, kwenye kinywa cha mto Kongo.

Angalia namna ilivyofanyika, maana ubaya umejificha hapo. Mtu alikuwa mtumwa mikononi mwa wachuuzi. Mzungu akatoa bei, akasema amemkomboa. Kisha mjumbe wa serikali akamwuliza, kwa mkalimani, kama anakubali kwenda kufanya kazi ngambo ya bahari. Sasa mtu aliyetoka kwenye kamba, mbali na kijiji chake, atajibu nini? Akisema apana, atarudishwa kwa nani? Na ile bei ilikatwa polepole kwenye mshahara wake mwenyewe! Sisi wahubiri tunalipenda sana neno "kukomboa." Nilipojifunza habari hii, lilinikwama kooni.

Wahindi waliofika kwenye mashamba yaleyale walikuwa na kontra ya miaka mitano tu.

Waingereza walipiga kelele kwamba huo ni utumwa wenye jina jipya (kumbe nao walipeleka visiwani kwao Waafrika waliotolewa kwenye merikebu za watumwa). Mwaka wa 1861 wakapatana: Wafaransa wachukue watu India, na njia ya Afrika ikafungwa mwaka 1862. Tayari watu zaidi ya 10,000 walikuwa wamefikishwa Martinique, na karibu 6,000 Guadeloupe. Waliitwa Wakongo. Wengi kabisa hawakurudi.

Huko Capesterre, Guadeloupe, wajukuu wao hukusanyika kila tarehe 1 Novemba, siku ya kukumbuka wafu. Wanapiga ngoma na kuimba nyimbo zenye maneno ya Kikongo.