Ramani ya Mji na Hatima ya Ujirani

Watu wengi hudhani kwamba jirani hupatikana kwa bahati. Historia ya Dar es Salaam yaonyesha vingine: aghalabu jirani huchaguliwa na ramani kabla ya nyumba yenyewe kujengwa.

Kanuni za ujenzi za serikali ya Kijerumani, zilizotolewa mwaka 1891, zilianza kuagiza nyumba za namna gani zijengwe wapi. Waingereza walipoutawala mji huo waliendeleza utaratibu huo kwa kuugawa katika kanda tatu. Masharti ya kanda yalihusu nyumba, si rangi ya mtu. Lakini asiye na fedha za kujenga kwa mawe au saruji hakuweza kuishi mahali palipotakiwa nyumba za aina hiyo. Na katika jamii ya kikoloni mapato yalifuatana na rangi. Hivyo zikatokea Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kuitenga Kariakoo na mtaa wa Wahindi.

Baada ya Uhuru, hatua mbalimbali zilichukuliwa kuhusu makazi. Sheria ya mwaka 1971 ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani iliyozidi shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Waafrika wengi wakapata kupanga katikati ya mji, katika majengo yaliyokuwa yakikaliwa zaidi na watu wenye asili ya Kiasia. Je, kupanda ngazi moja kwatosha kuwafanya watu kuwa majirani?

Mwaka 1954 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Gordon Allport, alieleza kwamba kukutana kwa watu wa makundi mbalimbali hupunguza chuki endapo masharti manne yatatimizwa: wawe na hadhi sawa katika jambo linalowakutanisha, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia, na wenye mamlaka wauunge mkono ushirikiano huo. Kwa hiyo kuchanganyika ni jambo moja, na mshikamano ni jambo jingine.

Tofauti hiyo yaonekana katika nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi wa kati, vyumba pande mbili na ua nyuma. Wapangaji wa makabila mbalimbali hutumia ua mmoja na choo kimoja. Kufagia ni kwa zamu, na maji yakikatika hukatika kwa wote. Ugomvi haukosekani, lakini kila siku huwalazimu kupatana. Hata hivyo, aghalabu wapangaji hao hulingana kwa kipato. Ushirikiano upo, bali tajiri na maskini hawakutani humo. Katika jengo la ghorofa, kinyume chake, watu wa hali mbalimbali waweza kuishi miaka mingi pasipo kazi hata moja ya kuwaunganisha.

Suala hili ni la leo pia. Viwanja vya mijini hupimwa vidogo, vya kati na vikubwa. Kila ukubwa ukitengwa mahali pake, kanda za kale hurudi, safari hii zikilindwa na bei. Ukubwa mbalimbali ukichanganywa katika mtaa mmoja, watoto wa matajiri na wa maskini hupata nafasi ya kusoma shule moja. Lakini nafasi hiyo hapana budi itumiwe: shule, soko na uwanja wa michezo viwe vya wote, navyo vitunzwe na wote.

Wanafunzi waweza kulichunguza jambo hili wenyewe. Na wachore ramani ya mtaa wao, waonyeshe ukubwa wa viwanja, kuta, visima, maduka na njia. Kisha waweke alama mahali ambapo watu wa vipato mbalimbali hukutana kwa shughuli moja. Idadi ya alama hizo itawaeleza kama mtaa wao una majirani, au una nyumba zilizokaribiana tu.