Mtoto Akiumia Uwanjani: Nasaha kwa Jamaa wa Kitengela na Kajiado



Jamaa zetu wengi wa pwani wamehamia Kitengela katika miaka hii. Wengine wamefuata kazi za viwanda vya Athi River, wengine wamenunua viwanja wakajenga, na mabinti kadhaa wameolewa huko. Nchi ambayo zamani ilikuwa malisho ya Wamaasai na mapito ya nyumbu watokao mbuga ya Nairobi, leo imejaa nyumba, maduka na madrasa. Na palipo na watoto hapakosi mpira.

Lakini ardhi ya Kitengela si mchanga wa pwani. Mtoto aliyezoea kuangukia mchanga, unaodidimia na kumpokea, huko hukutana na udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi udongo ule hukauka ukawa kama saruji, na hupasuka nyufa ambazo mguu wa mtoto waweza kuingia. Mvua ikinyesha hunata, kiatu kikashikwa chini ilhali mwili ushageuka, na anayelipa ni goti. Ndiyo maana akina mama wa huko wametuuliza zaidi ya mara moja juu ya kuteguka na kuvunjika, nasi tumeona ni wajibu tuyaandike haya baada ya kuwauliza matabibu tunaowaamini.

Hatutaki mtu alisome jambo hili akahitimisha kwamba dawa ni kuwafungia watoto ndani. Mchezo wenye stara haukukatazwa. Ni mashuhuri katika riwaya kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), mara ya kwanza Bibi akashinda, na baadaye Mtume akashinda. Hata kisingizio cha vazi kimeondoka: shirika la mpira wa miguu la dunia, FIFA, liliidhinisha rasmi mwaka 2014 kwamba mchezaji aweza kufunika kichwa chake uwanjani. Basi tuzungumze namna ya kucheza na kurudi nyumbani mzima.

Jeraha linalotokea sana ni kuteguka kifundo cha mguu. Wayo hupinduka kwa ndani, na zile kano za upande wa nje, yaani nyuzi ngumu zinazounganisha mfupa na mfupa, huvutika au huchanika. Damu huvuja ndani, kifundo kikavimba na kugeuka rangi. Hapo kwetu pwani mkono wa kwanza huenda kwenye sufuria ya maji ya moto. Mtoto hukandwa kwa kitambaa chenye kuunguza, akasuguliwa mafuta ya simsim na bizari, naye akapiga mayowe, na mayowe yakahesabiwa kuwa dawa inaingia! La. Joto hupanua mishipa ya damu, na kusugua huzidisha kile kilichochanika. Katika siku mbili tatu za mwanzo, uvimbe huongezwa na yaleyale yaliyokusudiwa kuuondoa. Kukanda kuna siku zake, nazo si hizi. Paja lililopigwa teke likavilia damu ndani, likisuguliwa kwa nguvu, laweza hata kuota mfupa katikati ya msuli, na jambo hilo matabibu walijua tangu zamani.

Lifanyike nini? Mchezaji atoke uwanjani hapohapo, asiambiwe amalizie kipindi. Kifundo kifungwe bendeji ya kuvutika kuanzia karibu na vidole kupanda juu, imara lakini si ya kukaba. Vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi au vikibadilika rangi, ifunguliwe mara moja. Mguu uinuliwe juu ya mito, upite kimo cha moyo. Barafu iliyofungwa kitambaani yaweza kuwekwa kwa dakika kumi na tano hadi ishirini, kisha ikaondolewa. Isigusane na ngozi, kwa kuwa barafu nayo huunguza.

Juu ya barafu kuna kisa kizuri. Daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, ndiye aliyeueneza mwaka 1978 wasia wa kupumzika, kuweka barafu, kufunga na kuinua, dunia nzima ikaushika. Mwaka 2014 mwenyewe akatangaza kwamba barafu ya muda mrefu, na mapumziko ya kupindukia, huenda vikachelewesha kupona, kwa sababu uvimbe ule ni sehemu ya mwili kujitengeneza. Tumeipenda insafu yake. Kwa hiyo barafu ni ya kupunguza maumivu katika saa za mwanzo, si ya kuendelezwa wiki nzima. Baada ya siku mbili tatu, kifundo kianze kuchezeshwa taratibu kadiri maumivu yanavyoruhusu, kwani mguu uliolazwa mwezi mzima hudhoofu ukateguka tena kwa jambo dogo. Na dawa za maumivu za duka la dawa, kama ibuprofeni na daiklofenaki, zisimezwe kama njugu. Huchubua tumbo na zaweza kuumiza figo, hasa kwa mtu aliyepungukiwa na maji. Watoto wasipewe asprini.

Mama ataulizaje kama umevunjika ama umeteguka tu? Madaktari wa Ottawa, huko Kanada, walitoa mwaka 1992 kanuni ambayo hospitali nyingi duniani huifuata. Mwangalie kama aweza kupiga hatua nne kwa mguu ule, hata kwa kuchechemea. Kisha ubonyeze polepole mifupa miwili inayojitokeza kifundoni, ya ndani na ya nje, kwa upande wa nyuma hadi nchani, na mfupa wa ukingo wa nje katikati ya wayo. Akishindwa hatua nne, au mfupa wenyewe ukiuma unapobonyezwa, apelekwe akapigwe picha. Kitengela kuna hospitali ya serikali ya kaunti ndogo, na mjini Kajiado iko hospitali ya rufaa ya kaunti. Kwa mtoto mdogo kanuni hiyo isitegemewe peke yake. Mifupa ya mtoto ina sehemu karibu na ncha zake ambazo bado ni gegedu, ndipo inaporefukia, na sehemu hizo mara nyingi ni dhaifu kuliko kano. Pigo ambalo mtu mzima lingemtegua, mtoto laweza kumvunja pale pale pa kurefukia, na likipuuzwa kiungo hukua kikienda upande.

Katika ziara yetu ya mwisho huko tulimkuta mvulana wa miaka tisa, mjukuu wa jamaa zetu wa Mombasa, aliyeanguka akicheza mpira akaumia juu ya kisugudi. Alipelekwa kwa fundi wa mifupa wa mtaani. Fundi akamfunga gango la vijiti na kamba, akalikaza sana, akasema lisiguswe siku saba. Usiku ule mtoto hakulala. Kulipokucha vidole vilikuwa vimevimba, vimepauka, na hakuweza kuvinyosha. Mama yake, ambaye ni mkaza mwana katika nyumba ile, alitaka kulifungua. Mavyaa yake akamwambia, "Mwanangu, sisi sote tumefungwa hivyo na tuko hai. Vumilia." Naye kwa adabu akanyamaza siku nzima, huku mtoto akimwambia, "Mama, mkono haumo."

Ni ami yake mtoto, aliporudi kazini jioni, ndiye aliyelikata gango kwa kisu cha jikoni na kumbeba hospitali. Mkono haukukatwa, alhamdulillahi. Lakini vidole viwili havinyooki mpaka leo, na yule mtoto anajifunza upya kuishika kalamu.

Tumelieleza hili bila ya kumvunjia mtu heshima. Yule bibi alisema kwa mapenzi, na alililia zaidi kuliko wote. Lakini ndani ya mkono misuli imefungwa katika mifuko isiyotanuka. Uvimbe ukizidi na gango likabana kwa nje, damu hukosa njia, na misuli huanza kufa kwa muda wa saa chache tu. Alama zake ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, yanayokuwa makali vidole vinaponyoshwa, na ganzi, weupe au ubaridi. Alama hizo zikionekana, gango lifunguliwe na mtoto apelekwe hospitali usiku uleule. Mama asingoje ruhusa ya mtu. Kumtii mavyaa ni adabu njema, lakini haki ya mkono wa mtoto yatangulia, na mavyaa mwenye busara atashukuru baadaye. Hatusemi mafundi wote wa mifupa ni wajinga. Wako wenye mikono ya kuaminiwa. Lakini hakuna mkono unaoona ndani ya nyama kama picha inavyoona.

Sasa tugeukie mabinti, kwa kuwa wao wana yao. Katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla, kama mpira wa miguu na wa kikapu, wasichana huchanika ile kano kuu ya ndani ya goti mara mbili au zaidi kuliko wavulana. Sababu zatajwa kadhaa: umbo la nyonga, namna wanavyotua magoti yakielekeana, na zaidi, kwa maoni yetu, kwamba hakuna aliyewafundisha kuruka na kutua. Binti atasikia kama kitu kimekatika, goti litavimba kwa saa chache, na baadaye litakuwa linamwachia anapogeuka. Hilo halitibiwi kwa kukandwa.

Lipo na jingine ambalo twaliandika kwa stara, kwa kuwa katika elimu hakuna kuoneana haya. Binti anayefanya mazoezi mengi na kula kidogo aweza kukatikiwa na hedhi. Baadhi ya mama hulifurahia, wakidhani ni nafuu. Si nafuu. Mwili umekosa chakula cha kutosha, ukapunguza ile homoni inayolinda mifupa, na mifupa ikaanza kufanya ufa mdogo mdogo bila ya kuanguka wala kupigwa. Binti akikosa hedhi miezi mitatu, na huku analalamika ugoko au wayo unaomuuma mahali pamoja kila akimbiapo, aonwe na daktari, na sahani yake iongezwe. Ni mama pekee awezaye kumwuliza swali hilo.

Wakufunzi wa shule na wa mitaa nao tuna neno nao. FIFA ina mazoezi ya kupasha mwili yaitwayo 11+: mbio nyepesi, kisha mazoezi ya nguvu za mapaja, kuruka na kusimama kwa mguu mmoja, kisha mbio za kugeuka. Jumla ni dakika ishirini, na hayahitaji chombo ila mpira. Yalipojaribiwa Norway kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, majeraha yalipungua kwa karibu thuluthi moja, na yale makubwa kwa karibu nusu. Kwa timu ya mtaani isiyo na daktari wala bima, dakika ishirini hizo ndizo bima. Aliyewahi kuteguka kifundo aongeze kusimama kwa mguu mmoja kila siku, nao ni wepesi mno: apige mswaki amesimama mguu mmoja, kisha abadilishe. Uwanja nao utembelewe kabla ya mchezo, nyufa zijazwe mchanga na mawe yaokotwe.

Wenyeji wa Kajiado hawahitaji kufundishwa kuruka. Tangu mwaka 2012, huko Kimana chini ya Mlima Kilimanjaro, vijana wa Kimaasai hushindana katika michezo iliyoanzishwa ili simba wasiuawe kwa kutafuta sifa. Hukimbia, hurusha mkuki na rungu, na huruka wima wakigusa kamba kwa kichwa. Mlezi wa michezo hiyo amekuwa David Rudisha, Mmaasai wa Kilgoris, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 huko London mwaka 2012. Mwaka uliofuata aliumia goti, akakosa mashindano ya dunia ya Moscow. Hakulazimisha. Alirejea polepole, na akachukua dhahabu Beijing mwaka 2015 na Rio mwaka 2016. Kijana wa Kitengela anayetaka kurudi uwanjani siku ya nne baada ya kuumia na asimuliwe habari hiyo.

Kichwa hakina mjadala. Mtoto aliyegongwa kichwa akaduwaa, akasahau, akaona kizunguzungu au akatapika, hachezi tena siku ile hata akidai amepona. Ubongo uliotikiswa ukipigwa tena kabla ya kupoa waweza kuleta mauti. Akizidi kusinzia, akitapika tena na tena, akipata degedege au mboni za macho zikitofautiana, ni hospitali bila ya kuchelewa.

Mwisho, tumeulizwa juu ya ibada ya mtu aliyefungwa plasta. Haibomolewi kwa ajili ya udhu. Kiungo kilicho kizima huoshwa, plasta hupanguswa juu kwa maji, na kwa madhehebu yetu ya Shafii hutayamamu badala ya ile sehemu iliyofunikwa. Kama itabidi kuzilipa sala baada ya kupona, hilo lategemea mahali ilipo plasta na kama ilifungwa akiwa na udhu, basi imamu wa karibu aulizwe kwa hali yake hasa. Asiyeweza kukunja goti husali amekaa kitini, na anayeweza kusimama asimame pale pa kusimama. Yule mvulana tuliyemtaja husali na ndugu zake, mkono wake wa kulia ukiwa juu ya goti, na vile vidole viwili vimekunjwa.